Daftari la jalada gumu, la kushonwa kwa uzi: miezi sita mkononi

Mama yangu alipata kiharusi miezi saba iliyopita. Daftari hili nimelitumia kila siku kwa miezi sita kati ya hiyo, mpaka pembe zake zimeanza kuchakaa.

Ni daftari la kawaida kabisa: ukubwa wa A5, kurasa 192 zenye mistari, karatasi ya gramu 80, utepe mmoja wa kuwekea alama. Halina tarehe, halina maswali, halina maneno ya kutia moyo juu ya kila ukurasa. Ndiyo sababu nalipenda.

La kwanza nililokuwa nalo lilikuwa la shukrani, lile linalokudai mambo 3 mazuri kila asubuhi. Wakati huo mama alikuwa hawezi kutamka jina langu, na mkono wake wa kulia umelala kama wa mtu mwingine. Nikaandika "hewa, kitanda, mwanga" siku mbili mfululizo. Siku ya tatu nikaona linanisuta, nikaliweka kando. Baadaye nikasoma kuhusu utafiti wa wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough wa mwaka 2003 kuhusu kuandika shukrani, ambao hutajwa sana na wanaoyasifia madaftari ya namna hiyo. Kumbe katika jaribio lao la kwanza wanafunzi waliandika mara 1 tu kwa wiki, mambo yasiyozidi 5. Wagonjwa wa misuli na neva, katika jaribio jingine, waliandika kila siku, kwa siku 21. Katika lile la kwanza, walioandika shukrani waliiona wiki inayokuja kwa matumaini zaidi kuliko walioandika kero. Hilo naliamini. Ila kulazimishwa alfajiri, huku hujalala, ni kitu kingine.

La pili lilikuwa tupu, lakini kurasa zake zimebandikwa kwa gundi. Wiki ya tatu zikaanza kuchomoka, na ukurasa wa siku mama alipokunja kidole gumba kwa mara ya kwanza ukapotea. Uliniuma sana ukurasa ule.

Hili la sasa limeshonwa. Ukilifungua katikati linalala bapa mezani, halijifungi. Kwangu hiyo si anasa: mkono mmoja naandika, wa pili nimeshika kiganja cha mama nikihesabu anavyokunja vidole. Kalamu ya kawaida haipenyezi wino upande wa pili, ila ya wino wa majimaji inapenyeza, msiitumie. Utepe umechanika ncha mapema mno. Nimeuchoma kidogo kwa kiberiti, ukaacha kufumuka.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenifundisha cha kuandika. Alisema, "Dada, niandikie namba, usiniandikie amepata nafuu au hajapata." Alinieleza kwamba ubongo hujifunza upya kwa kurudia, tendo lile lile, mara nyingi, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida zaidi. Basi juu ya ukurasa huandika presha na saa za dawa, chini mstari mmoja wa kilichofanyika. Vidole, mara 4. Amekaa bila kuegemea, dakika 2. Ametamka "maji". Siku nyingine chini hakuna kitu, nami huacha wazi. Kurasa wazi ni nyingi kuliko nilivyotaka.

Kuna jioni moja nilikaa pembeni ya kitanda nikalia, nikasema hatusogei popote. Mama akanyoosha mkono wa kushoto, akagonga jalada kwa kidole, mara mbili. Nikajua anataka nisome. Nikafungua penye utepe, wiki sita nyuma: "Kikombe kimeanguka mara 3." Tukatazamana. Asubuhi ile ile alikuwa amekunywa maji mpaka mwisho, kwa mkono ule ule wa kulia, bila kumwaga, nami nilikuwa nimekiosha kile kikombe bila hata kugundua. Nikaliandika hilo pale pale, saa 3 usiku, huku ananiangalia.

Nikichoka kumbukumbu yangu hushika mabaya tu. Daftari halichoki. Kaka yangu akija hulichukua kabla hata hajakaa, husoma mistari ya chini peke yake, akimaliza humwambia mama alichokiona, na mama hutikisa kichwa pale alipokosea.

Kwa anayeuguza mtu, au anayepita katika kipindi ambacho siku zote zinafanana, nalipendekeza bila wasiwasi. Kwa anayetaka kitabu cha kumwongoza aandike nini, hili litamwacha peke yake.

Zimebaki kurasa 9. Nimeshanunua jingine la kushonwa, ila safari hii la mistari mipana, maana mama anataka mstari wa chini auandike mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.