Kadi za chengyu za safari, nimezikubali

Kwa mnaojifunza Kichina hizi kadi chukueni, yaani zimenisaidia sana. Chengyu ni zile nahau zao, nyingi zina herufi nne tu, na pakiti hii ni ya safari za haraka na za kuchosha, mbele herufi, nyuma pinyin (yaani matamshi kwa herufi za Kilatini) na maana na mfano. Kuna fēngchén púpú, mtu kafika na vumbi la njia nzima mwilini, kuna mǎ bù tíng tí, farasi hapumzishi kwato, alafu pī xīng dài yuè, umejifunika nyota na mwezi uko kichwani, yaani umetoka kabla hakujakucha au unatembea usiku. Fēng cān lù sù ndo imenishika zaidi, kula kwenye upepo kulala kwenye umande, aliyewahi kulala stendi akisubiri basi ataielewa bila maelezo.

Zhōu chē láodùn wameielezea kwa chunyun, ule msimu wa siku 40 watu wanaporudi makwao Mwaka Mpya wa Kichina, na hapo wamepatia kabisa coz nahau yenyewe inataja uchovu wa mashua na mikokoteni lakini mpaka leo mwenyeji anamwambia mgeni aliyeshuka kwenye ndege, pole yake hiyo.

Kasoro ni moja, pinyin haina alama za toni, yaani za sauti kupanda na kushuka, na Kichina bila toni ni shida kweli. Karatasi nayo nyepesi. Muuzaji akirekebisha toni namnunulia mdogo wangu pia.