Washa za fundi kwenye stelingi ya Noah yangu

Kama Noah yako inavutwa na matairi ya mbele, usimruhusu mtu akuongezee kona, yaani tairi likate zaidi, kwa washa, vile vipete vya chuma vyenye tundu katikati. Naanza na hilo kwa sababu si wote mtasoma hadi chini, na fundi aliyenifanyia kazi hii yupo hapahapa Dodoma, upande wa Kizota, na bado anaisifia.

Mimi nabeba watoto wa shule. Wengi nawachukua Chang'ombe, kwenye vile vichochoro ambavyo nyumba zilitangulia, njia ikafuata. Ukuta upande huu, karo la maji machafu upande ule. Kugeuza Noah mle ni mbele nyuma, mbele nyuma, bodaboda wanakupigia honi, na mtoto wa mwisho anafika shuleni wenzake wameshatoka mstarini. Dereva mwenzangu mwenye Noah akaniambia yeye alishaongezewa kona, siku hizi anageuka popote. Nikaenda kwa fundi wake.

Kazi yenyewe ni ndogo. Anafungua reki endi, kile chuma kinachosukuma tairi likate, pale inaposhikana na reki ya stelingi, ile fimbo inayosogea kushoto na kulia ukizungusha usukani, anaweka washa nene katikati, anarudisha. Reki inapata nafasi ya kusogea zaidi kabla ya kugota, na tairi linakata zaidi ya lilivyopangiwa kiwandani. Kabla hajaanza nilimuuliza: fundi, hii haitaumiza kitu kingine? Akanijibu bila hata kuinua uso, "Mama, wewe kazi yako kuendesha. Ya chini niachie mimi."

Na nisiseme uongo, nilivyotoka pale gari lilinifurahisha. Kona ambayo kila asubuhi ilinitoa jasho niliikata kwa pigo moja, nikacheka peke yangu ndani ya gari. Siku zile za mwanzo mngeniuliza ningempa sifa zote na ningewaelekeza kwake mmojammoja.

Kisha zikaanza kelele. Kwanza tairi likawa linakwaruza plastiki ya ndani ya madigadi nikikata hadi mwisho. Nikavumilia. Baadaye ukaja mlio mwingine, ka-ka-ka-ka, kila nikigeuka huku natia mafuta. Nikarudi kwake. Hakulala chini ya gari. Hakuomba hata nimuendeshee asikie. Alisimama na kikombe chake cha chai akasema, kwa sauti ya kusikika na wateja wote waliokaa pale: "Hilo si la kwangu. Nyie akina mama mnakata kona kwa hasira." Vijana wake wakacheka.

Hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Fundi kuharibu, inatokea. Lakini mimi nimeendesha Hiace ya abiria Dodoma kwenda Kondoa enzi za vumbi, kabla lami haijafika, vilima navipanda na kushuka mvua inanyesha. Leo kijana aliyekula hela yangu ananifundisha hasira za kina mama mbele ya watu? Angekuwa mwanamume anayelalamika angepanda gari akasikilize. Nina hakika na hilo.

Haukupita muda mrefu, mchana mmoja natoka shule, watoto wamejaa, nageuza kuingia Nkuhungu, nikasikia mlio kama chuma kimepasuka. Injini inanguruma, gari haliendi. Natia gia, linanguruma tu. Sivi jointi ya kushoto, kile kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi la mbele, imekatika. Watoto wa watu juani, lile jua la Dodoma saa nane, wadogo wanalia, mimi napiga simu kwa wazazi mmojammoja nikijieleza. Mzazi mmoja amemhamisha mwanawe kwenye gari langu tangu siku ile, na simlaumu.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja mwenye gereji karibu na Majengo. Huyo alilala chini. Kisha akaniita, "Mwanangu, njoo uone," akanionyesha kwa mkono wake. Jointi ya Noah hizi inafanya mambo mawili kwa pamoja: inazungusha tairi na inalifuata likikata kona. Ina mwisho wake wa kupinda. Ukiipindisha kupita hapo huku inabeba nguvu ya injini, gololi zake zinakula njia zake. Kava ya mpira nayo ikajikunja, ikapasuka, grisi ikatoka, vumbi la mji huu likaingia. Basi hapo jointi imekwisha. Mpira wa breki nao ulikuwa unavutika hadi umekaza kila nikikata mwisho. Matairi yalilika kingo za nje, kwa sababu washa ilisukuma reki endi nje na yule bwana hakufanya alaimenti, yaani kupanga matairi yakae sawa.

Nikamuuliza mzee, mbona mwenzangu hana shida? Akaniuliza ana Noah gani. Ni ile ya zamani, injini chini ya viti vya mbele. Akatikisa kichwa. Ile inasukumwa na matairi ya nyuma. Ya mbele kazi yao ni kugeuka tu, hakuna jointi ya kukatika. Toyota walibadilisha mwaka 2001, Noah zilizofuata zikawa za kuvutwa mbele. Kwa hiyo pengine nimpe haki yake: kwenye gari la mwenzangu kazi ilikaa vizuri, na mwenye Noah ya zamani anaweza kusema mimi nalalamika bure.

Nilikuwa nimeshaanza kupoa hivyo, hadi mzee alipofungua upande wa pili. Washa ilikuwa nene kiasi kwamba reki endi ilishikwa na nyuzi chache tu za mwanzo za skrubu yake. Akaizungusha kwa vidole, bila spana, ikatoka. Akaniambia, "Mwanangu, hapa kuna mtu anakuombea." Hiyo haichagui Noah ya zamani wala mpya. Ikichomoka, usukani unazunguka na tairi linakwenda linakotaka, na mimi nilikuwa napita barabara kuu na watoto nyuma. Kwa hiyo haki niliyotaka kumpa naichukua. Hata mwenzangu nimemwambia akafunguliwe zake zitazamwe, na amekataa kwa kuwa gari linageuka vizuri. Mnaomjua, mwambieni.

Mzee alizitoa washa, akafunga jointi, akanituma alaimenti. Gari linageuka kama lilivyotoka Japani, mbele nyuma nimerudia. Kwenye kona mbaya kuliko zote nimewaomba wazazi walete watoto hadi barabarani, wamekubali.

Yule wa Kizota nilimpigia anirudishie hela yangu na ya jointi. Siku ya kwanza alisema nitume picha. Nilituma. Tangu hapo hapokei. Washa zake ninazo kwenye gari. Akizitaka aje na hela, na aje aniambie tena la hasira za akina mama nikiwa nimesimama na wale wazazi.