Mkahawa wa Kizanzibari wa Ruwi, Maskati

Miezi minne baada ya kuhamia Maskati kikazi nilikuwa bado nakula kwa kujaza tumbo tu, hadi mwenzangu wa kazini aliponipeleka katika mkahawa mdogo wa chakula cha Kizanzibari ulioko Ruwi. Bibi anayesimamia jiko ni miongoni mwa Waomani waliotoka Unguja na kuhamia Oman baada ya 1970, na nilipomwamkia aliniitikia, "Marahaba mwanangu, karibu ndani," kwa lafudhi ambayo sikutarajia kuisikia ng'ambo hii ya bahari.

Mbaazi zake ni nzito, tui likiwa limeshikamana na kijiko, na maandazi huletwa yangali yamefura, yakinukia iliki pindi unapoyapasua. Urojo, kwa maoni yangu, umepungukiwa uchachu wa embe mbichi, na bajia zake hulowa mapema mno. Bei ni nafuu. Siku ya Ijumaa ni vyema kuwahi, kwa kuwa mkate wa ufuta humalizika kabla ya sala, ingawa bibi huyo, akijua kwamba naishi peke yangu, huniwekea mmoja akiwa ameufunika kwa kitambaa.