Loomis na Graili: kitabu cha mtumba kutoka Posta

Kwanza bei, maana najua ndiyo mtakayouliza: elfu nane. Muuzaji alianzia kumi na mbili. Wale wanaopanga vitabu chini kule Posta wanamsoma mteja usoni, na mimi nilishakishika muda mrefu mno. "Mwalimu, hicho hakuna mwingine wa kukichukua," akaniambia, na hapohapo akagoma kushuka zaidi.

Kitabu ni The Grail: From Celtic Myth to Christian Symbol cha Roger Sherman Loomis, toleo la kwanza mwaka 1963. Graili ni chombo cha ajabu cha mezani katika hadithi za kale za Ulaya. Loomis ni Mmarekani aliyezaliwa Yokohama, Japani, akafundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Swali lililomkaa kooni: Wafaransa wa karne ya 12 walizitoa wapi hadithi za Mfalme Arthur, yule mfalme wa masimulizi ya Uingereza, na mashujaa wake? Jibu lake ni kwa Waselti, watu wa kale wa Ayalandi na Wales, kupitia wasimulizi wa Brittany, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa.

Sura ya Chrétien de Troyes, mshairi Mfaransa wa karne hiyo ya 12, peke yake imenirudishia hela yangu. Kijana Perceval yuko mezani kwa mfalme aliyejeruhiwa mapajani, ambaye burudani pekee aliyobaki nayo ni kuvua samaki. Anapita kijana na mkuki unaochuruzika damu, kisha msichana na graili, na kila chakula kikiletwa graili inapita tena. Perceval amefundwa asiwe mropokaji, basi kimya. Kumbe angeuliza tu inapelekwa kwa nani, mfalme angepona! Chrétien hakuimaliza hadithi hiyo. Wakaingia wengine kuimalizia, kila mtu kivyake, na mshairi mwingine Mfaransa, Robert de Boron, akaifanya graili kuwa chombo cha Yesu cha karamu ya mwisho.

Loomis anamchukua mfalme huyo na kumweka kando ya Brân, mfalme jitu wa hadithi za Wales. Brân naye alichomwa mkuki, tena wa sumu, mguuni. Naye ni mwenyeji wa karamu isiyokauka: hata baada ya kukatwa, kichwa chake kinakaa na wenzake saba wakila na kunywa miaka 80, na hakuna anayezeeka. Sasa tazama: kwa Robert, yule mvuvi anaitwa Bron. Hapo nilicheka peke yangu ndani ya daladala ya Mbagala, jirani yangu akasogea kidogo.

Shida ni kwamba hao wasimulizi wa Brittany hawajatuachia hadithi zao kwa maandishi, na Loomis analijaza pengo hilo kwa majina na matukio yanayofanana. Kwa Brân ananishawishi. Kwingine anavuta mno. Liyongo wetu anauawa kwa sindano ya shaba kitovuni, shujaa Achilles wa Wagiriki ana kisigino chake, mahali pekee anapoweza kudhurika. Kwa mtindo huu ningewatafutia babu mmoja kabla ya chai ya saa nne.

Hata hivyo ninampa nyota nne. Walimu wenzangu wa fasihi simulizi, kisomeni, hasa kama mmechoka kufundisha motifu (wazo au tukio linalojirudia katika hadithi nyingi) kwa mifano ileile ya sungura na fisi. Mkikiona kingine, msivuke elfu kumi, na kagueni faharasa kabla ya kulipa. Ya kwangu imenyofolewa kuanzia herufi M.