Redio ya Android ya Shilingi 9,800: Nimeifunga Malindi, Hesabu Hii Hapa

Haya, assalamu alaikum, hamjambo. Mliniandikia wengi mkitaka nipime hizi redio za magari za android, zenye skrini kama ya simu, zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa, na wengine mkaniuliza swali zito zaidi: kama redio iko mtandaoni kwa 9,800, kwa nini niende dukani hapa Barabara ya Lamu niambiwe 15,500? Basi nimeiagiza, imefungwa kwenye Toyota Probox, na nimekaa na mafundi wa hapa mjini tukazungumza. Jina la muuzaji silitaji, wala la maduka. Sikuja kumharibia mtu riziki.

Tuanze na redio yenyewe. Skrini inchi 9, bluetuthi, FM, tundu mbili za flashi, na kamera ya nyuma wametia ndani ya boksi kama zawadi. Tangazo lilikuwa na 19,999 imepigwa mstari, pembeni yake 9,800. Ile iliyopigwa mstari msihangaike nayo, imewekwa pale ili roho yako ifurahi tu.

Usiku picha ni nzuri. Mchana jua likiingia upande wa dereva huoni kitu, na abiria akiitazama kwa pembeni anaona rangi zimefifia. Bluetuthi inashika haraka. Maikrofoni ni mbovu, niliyempigia simu alidhani nimeingia ndani ya pipa. Kamera inafanya kazi, ramani inafanya kazi. Kwa mtu anayetaka nyimbo na ramani, mpaka hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye maandishi. Tangazo lilisema RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 4 na android ni 13. Ukiingia kwenye mipangilio, kweli imeandikwa hivyo hivyo. Nikaweka CPU-Z, programu ya bure ya kupimia, ikanionyesha RAM GB 2 na android ya zamani zaidi. Mchezo huu unajulikana kwenye redio zisizo na jina: ukurasa wa mipangilio unachorwa upya uonyeshe namba za kupendeza. Ukifungua ramani huku muziki unacheza, inaanza kujikokota. Na gari likishinda juani msimu huu wa kaskazi, inajikokota zaidi, kwa sababu chipu ikipata moto hujipunguzia mwendo isije ikaungua.

Sasa wati. Hapa naomba mtulie kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoliwa. Boksi limeandikwa wati 60 mara 4. Geuza redio nyuma, tafuta fyuzi. Hii yangu ni ya ampea 10. Injini ikiwa inanguruma, umeme wa gari huwa volti 14.4 hivi. Zidisha kwa 10: wati 144. Huo ndio umeme wote unaoweza kuingia mfululizo bila fyuzi kukatika. Lakini 60 mara 4 ni 240! Hizo 96 zaidi zinatoka wapi, kwa jirani? Na hapo bado tunahesabu umeme unaoingia. Amplifaya ndogo ya ndani ya redio kama hii hupoteza karibu nusu kwa joto, ndiyo maana mgongo wa redio unachoma. Toa nusu, gawanya kwa spika 4, unabaki na wati 18 kila spika, na skrini haijala fungu lake.

Tena tusiwaonee hawa wa bei ya chini peke yao. Pioneer nao huandika 50 mara 4 juu ya boksi. Ila ukifungua kitabu chao cha ndani, unakuta 22 mara 4, ambayo ndiyo ya RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo bila sauti kupasuka. Wao angalau wameiandika mahali. Hesabu ya fyuzi inafaa kwenye amplifaya pia: ukiona imeandikwa wati 3000 na nyuma kuna fyuzi 2 za ampea 30, piga mwenyewe, haifiki hata 900 ya kuingia. Vijana wa tuktuk, nyinyi hasa nawaambia. Betri yenyewe ndogo, mnaifungia sabufa mbili, halafu mnashangaa taa zinapepesa kila besi ikipiga.

Turudi kwenye bei. Tundu la redio la Probox haliingii skrini ya inchi 9 hivi hivi, inataka fremu ya gari hilo hilo. Fremu, 1,500. Soketi ya Toyota ili usikate waya za gari, 700. Kuletewa mzigo Malindi, 350. Fundi, 2,000. Jumlisha na ile 9,800 upate 14,350. Dukani redio ya namna ileile, pamoja na fremu, soketi na kufungiwa, niliambiwa 15,500. Kwa hiyo ile tofauti ya karibu 6,000 iliyokufanya umwone mwenye duka mwizi, imebaki 1,150.

Na hiyo 1,150 inanunua nini? Inanunua mtu wa kumrudia. Redio ikizima wiki ya tatu, dukani unaegesha gari mlangoni unasema, "Mzee, hii imekufa." Mtandaoni unaandika ujumbe, unatuma picha, unaambiwa irudi ndani ya boksi lake ikiwa haijafungwa kwenye gari. Sasa redio ya gari ambayo haijafungwa kwenye gari utajuaje kama ni mbovu? Hilo sharti mimi nalicheka kila nikilisoma.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu ambalo matangazo hayalisemi. Magari yetu mengi yametoka Japani. Redio za Japani za asili zinashika FM kuanzia 76 mpaka 90, za karibuni zikafikishwa 95. Kenya stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana gari likishuka tu bandarini Mombasa, mwenyewe anatafuta ama ekspanda, kile kidude cha kushusha masafa, ama redio mpya kabisa. Biashara ya redio za magari huku imesimama juu ya hilo. Redio niliyoagiza ilikuja imewekwa masafa ya nchi nyingine, kupandisha namba ilikuwa inaruka stesheni. Fundi aliingia kwenye mipangilio ya kiwandani, akatia namba ya siri, akabadilisha eneo, basi. Dakika chache. Lakini ile namba ya siri muuzaji hakuitaja popote, wala karatasi ya maelezo haikuwamo.

Ufundi wenyewe watu wanaudharau. Kuna waya wa manjano na mwekundu. Wa manjano unakaa na umeme saa zote, ndio unaotunza saa na stesheni zako. Mwekundu unapata umeme ukizungusha ufunguo. Fundi wa haraka anaisokota yote miwili pamoja, redio inawaka, unampa 500 yake unaondoka. Redio hailali usiku. Asubuhi gari haliwaki, unalaani betri. Na waya wenyewe uangalieni: hizi za amplifaya za bei ya chini nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwaruza kwa kisu, ukiona nyeupe ndani, ndiyo hiyo. Inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, na kwa hewa yetu ya bahari, hasa magari yanayoshinda Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, viungo vyake vinaliwa mapema.

Sasa maduka. Mwenye duka mmoja aliniambia kinachomkera si mtandao kuuza rahisi. Ana ule ubao wa spika ukutani, zile za kubonyeza usikie moja moja. Mteja anaingia, anasikiliza zote, anauliza ipi inafaa Vitz, ipi inafaa Noah, anapiga picha boksi, anasema, "Nakuja, mzee." Harudi. Baada ya wiki anarudi na spika zilezile ameagiza, anataka kufungiwa kwa 500.

"Nilimwambia, mwanangu, masikio uliazima kwangu, pesa umempa mwingine, sasa wataka na mikono?"

Kodi ya duka analipa, stima, leseni ya kaunti, na mtaji umelala kwenye boksi za kioo. Yule wa mtandaoni ana ghala Nairobi au Uchina, halazimiki kumsikilizisha mtu chochote.

Lakini mimi siwafichii maduka dhambi zao. Kwa miaka walitia ufundi ndani ya bei ya redio, wakatangaza "kufungiwa bure". Wateja wakazoea kwamba kufunga redio ni kazi ya bure. Leo ukimtajia mtu 2,000 ya ufundi anaona amepandishiwa bei, kumbe alikuwa akiilipa siku zote bila kujua. Halafu wapo wanaoagiza redio zilezile zisizo na jina kutoka mtandao uleule, wanaongeza 5,000, na ukiomba risiti yenye namba ya siriali wanaangalia dari. Hao wakifungishwa duka na mtandao, mimi silii.

Marekani hili walilipitia kabla yetu, na lilianza kabla hata ya intaneti. Mwaka 1974, Bill Crutchfield wa Charlottesville, Virginia, alikuwa anatengeneza Porsche kuukuu, akakosa mahali pa kununua redio yake, akaanza kuuza redio za magari kwa posta. Mpaka leo kampuni yake ipo. Nilichokipenda: anakuuzia na fremu na soketi za gari lako, karatasi ya kukuelekeza, na ukikwama unapiga simu unasaidiwa. Yaani muuzaji wa mbali aliyedumu ni yule aliyebeba na kazi ya fundi. Circuit City, maduka makubwa yaliyouza na kufunga redio nchi nzima, yalifungwa 2009. Na huko kwenye majina makubwa kuna wauzaji walioidhinishwa na wasioidhinishwa. Ukinunua kwa asiyeidhinishwa, kiwanda kinaweza kukataa waranti, na vitu vingine hufika namba ya siriali ikiwa imekwaruzwa ili isijulikane imetoka kwa nani. Kwa hiyo ukiagiza amplifaya ya jina kubwa kwa nusu bei, cha kwanza ukifungua boksi tafuta namba hiyo, kabla hujaangalia kitu kingine.

Je, ninunue au nisinunue? Redio hii, kwa gari la kazi, ambalo mwenyewe hujali ikifa baada ya mwaka, chukua. Ila bei yako iwe 14,350 kichwani, si 9,800, na siku ya kwanza ipime kwa betri mezani kwa fundi kabla hajakata waya hata mmoja, ukiwa bado una haki ya kuirudisha. Gari la familia, la safari za Mombasa kila mara, mimi ningelipa hiyo 1,150. Amplifaya na sabufa za mtandaoni sizigusi kabisa bila kuona fyuzi kwenye picha. Spika za milangoni, agizeni tu, zile hazina uongo mwingi.

Duka moja karibu na stendi sasa limebandika karatasi ukutani: kufunga redio ya mteja 2,500, redio isiyonunuliwa hapa haina waranti ya duka, waya zina waranti ya miezi 3. Hiyo nimeipenda, kila kitu na bei yake. Ila kuwatoza watu wa tuktuk 2,500 ileile ya Probox, hapana, tuktuk haina hata dashibodi ya kufungua. Mafundi wa Malindi, Watamu na Lamu mnaonitazama, niandikieni hapo chini mnatoza ngapi kufunga redio ambayo mteja amekuja nayo, na hiyo bei inajumuisha nini. Nitazisoma zote kwenye video ijayo, nikiifungua amplifaya ya wati 3000 tuone ndani kuna nini.