Ngong au Longonot: Umpeleke Mzazi Wapi Kiangazi?

Unataka kupanda na mzazi, na unasita kati ya vilima vya Ngong na mlima wa volkano wa Longonot. Kwa gharama, Ngong inashinda bila ubishi. Iko karibu na Nairobi, matatu zinafika hadi mji wa Ngong, na kiingilio ni nafuu kuliko cha Longonot, ambayo ni hifadhi ya taifa chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Lakini mizani hasa ni magoti. Longonot ina kimo cha mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano, ni kama kilomita 3, na kipande cha mwisho ni kikali: vumbi la volkano linateleza, kivuli ni haba. Mkifika juu mnaona msitu ndani ya kreta na Ziwa Naivasha ng'ambo. Mandhari hayo Ngong haina. Kuzunguka ukingo wote ni kilomita 7 hivi zaidi, na si lazima.

Ngong mnatazama Bonde la Ufa, na mkichoka mnageuza mapema. Upepo ni mkali, ndiyo maana mitambo ya umeme wa upepo imesimikwa pale. Bebeni sweta.

Mama ana goti bovu? Ngong. Baba bado analima mwenyewe? Longonot, alfajiri, na maji ya kutosha.