Injini mpya ya Chevrolet 350 ndani ya pikapu ya 1951: uzoefu wangu

Injini hii, V8 (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) ya inchi za ujazo 350, nimeinunua kwa hela yangu, nimeifunga kwenye karakana ya nyumbani nikisaidiwa na rafiki, na sasa natembea nayo hapa Texas. Injini yenyewe naipa nyota tano. Safari ya kuiagiza na kukusanya vitu vyake naipa tatu, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ndipo wengi wanapomwaga pesa.

Gari ni Chevrolet 3100, pikapu ya nusu tani ya mwaka 1951. Ilikuwa na injini yake ya asili, silinda sita za mstari mmoja, inchi za ujazo 216, nguvu ambazo hazifiki farasi 100. Naiheshimu injini ile. Lakini beringi za konrodi zake, yaani mikono inayounganisha pistoni na krankshafti, ni za babiti (madini laini) iliyomiminwa, na oili huzifikia kwa kurushwa na vijiko vilivyo chini ya konrodi, haisukumwi kwa presha mpaka pale. Ilitengenezwa kwa mwendo wa shambani. Ukiiingiza kwenye barabara kuu ambako malori yanakupita kwa maili 75 kwa saa, unajua kabisa kwamba unaiumiza.

Nilitaka hotirodi, yaani gari la zamani lililotiwa injini yenye nguvu, ya kuendesha kila wiki, si ya kuegesha kwenye maonyesho. Mchezo huu ulianza na vijana wa California waliokuwa wakichukua Ford za bei ndogo, wanazivua kila kilicho kizito, kisha wanakwenda kushindana kwenye maziwa makavu kama Muroc. Kwa miaka mingi injini yao ilikuwa V8 ya Ford iliyotoka mwaka 1932. Chevrolet ilipoleta V8 yake ndogo ya inchi 265 mwaka 1955, mambo yakageuka, na ile ya 350 ikafuata mwaka 1967 kwenye Camaro. Kwa mtu aliyejifunza ufundi akitafuta spea Gerezani, Kariakoo, jambo la kwanza la kuuliza kuhusu injini yoyote ni hili: vipuri vyake vinapatikana? Vya 350 hapa Marekani vinapatikana hata kwenye duka la mji mdogo.

Njia zilikuwa kadhaa. Unaweza kung'oa V8 ya lita 5.3 kwenye Silverado iliyogongwa, na kwa bei hakuna kinachoishinda. Unaweza kumpelekea fundi bloku kuukuu aichonge upya. Unaweza pia kununua LS3 mpya, V8 ya kisasa ya Chevrolet ya lita 6.2, farasi 430, bloku ya alumini. Sitadanganya, LS3 ni injini bora kuliko niliyonunua mimi: ni nyepesi, inawaka vizuri asubuhi ya baridi, ina nguvu za ziada. Ila inataka kompyuta, waya zake zote, na pampu ya petroli inayosukuma kwa presha ya psi 58. Gari langu lilikuwa bado na umeme wa volti 6. Nilipojumlisha kila kitu, gharama ilikaribia mara mbili, na sehemu kubwa ya hiyo ilikuwa waya.

Nikachagua SP350/357 ya Chevrolet Performance. Ni 350 iliyotengenezwa mpya kabisa, bloku ya chuma cha kumimina, hedi za chuma aina ya Vortec, na farasi 357 kama jina linavyosema. Kilichonishawishi hasa ni kamshafti (shafti inayofungua vali) na tapeti zake za rola, yaani zenye kigurudumu kinachobingirika juu ya kamshafti. Kwenye 350 za bei ya chini zaidi, ile ya farasi 290 ikiwa mojawapo, tapeti ni bapa. Hizo ukiiwasha injini mara ya kwanza inabidi uishike kwenye mizunguko 2,000 na zaidi kwa karibu nusu saa, na oili yenye zinki ya kutosha, la sivyo kamshafti inaliwa hata kabla gari halijatoka karakana. Tapeti za rola zinakuondolea hofu hiyo. Pesa ya ziada ilijilipa papo hapo.

Jambo jingine, ukinunua injini mpya hudaiwi kurudisha mzoga wa injini ya zamani. Kwa zile zilizofanyiwa ukarabati wa kiwandani, wauzaji wengi hukukata amana mpaka uwapelekee injini kuukuu ya aina ile ile, na mimi 350 kuukuu sikuwa nayo. Ile 216 nimeihifadhi.

Sasa kuagiza. Injini hii inauzwa kwa daraja. Ya msingi inakuja bila manifoldi ya kuingiza hewa, bila kabureta, bila distribyuta (kigawa moto wa plagi). Iliyokamilika ina karibu kila kitu mpaka kwenye plagi. Nilichukua ya msingi kwa kuwa nilitaka kuchagua vyangu, lakini nakushauri kwa moyo kabisa: kama hii ni mara yako ya kwanza, chukua iliyokamilika. Hedi za Vortec zina manifoldi ya peke yake, yenye boliti nane, si kumi na mbili kama za 350 za zamani, kwa hiyo ile nzuri uliyoiona mnadani haitafunga. Boliti zake zinakazwa kwa futi-pauni 11 tu. Fundi aliyezoea kukaza kwa mkono na kusikilizia atapasua kitu. Tena hedi hizi hazina njia ya kupitisha moto wa ekzosti chini ya kabureta, hivyo chagua kabureta yenye choki ya umeme.

Distribyuta nayo ina siri yake. Kamshafti ya rola ni ya chuma kigumu, na gia ya chini ya distribyuta lazima iwe ya aina inayoafikiana nayo, iliyoimarishwa kwa joto. Ukifunga ya kawaida, meno yatasagika na unga wa chuma utaishia kwenye oili. Hili huwezi kuligundua kwa kuangalia picha. Uliza, na jibu ulipate kwa maandishi.

Hapa ndipo nyota zilipopungua. Muuzaji mmoja niliyemwagizia flekspleti, lile bamba linalokaa mahali pa flaiwili kwa gari la otomatiki, alinitumia ya 350 za zamani, ingawa nilimwandikia wazi ni injini gani. Tangu mwaka 1986 sili ya nyuma ya krankshafti ni ya kipande kimoja, matundu ya boliti yalibadilika, na bamba linabeba uzito wa kusawazisha. La zamani halifungi kabisa. Alikubali nilirudishe bila ubishi, lakini nauli ya kulirudishia ilitoka kwangu, na injini ilikaa ikining'inia kwenye winchi ikisubiri. Kampuni ya usafirishaji nayo ilileta kreti kwa lori lisilo na jukwaa la kushushia, wakati nilishalipia huduma hiyo. Mzigo unazidi kilo 200, haushushwi kwa mabega. Dereva alikuwa muungwana, akarudi siku nyingine na lori sahihi. Fungua kreti na kagua sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kona zote kabla ya kutia saini. Mimi nilifanya hivyo dereva akiwa amesimama pale pale, wala hakukasirika.

Kuifunga kwenyewe kulikwenda vizuri kuliko watu walivyonitisha. Injini ya mstari ni ndefu, V8 ni fupi, kwa hiyo mbele nafasi ilibaki. Shida ni upana: boksi la usukani liko upande wa kushoto wa chesi, na hedazi nyingi, yale mabomba ya ekzosti ya kununua pembeni, zinaligonga. Manifoldi za ekzosti za chuma zile zenye umbo la pembe za kondoo ndizo zilizopita, na zinapendeza. Nyuma, kofia ya distribyuta iko karibu sana na ukuta wa kabini, basi pima mara mbili kabla ya kuchomelea mauntini, vishikizo vya injini.

Kisha kuna jambo ambalo tangazo la injini halikuambii. Pikapu hizi propela yake imefungwa ndani ya bomba lililoungana na difu. Huwezi kuunganisha giaboksi ya kisasa bila kubadilisha difu nzima. Mimi nimeweka 700R4, giaboksi ya otomatiki yenye gia ya kwanza ya 3.06 na gia ya juu ya kupumzisha injini barabarani, na waya wake unaotoka kwenye kabureta lazima urekebishwe sawasawa, kwa sababu ukilegea giaboksi inaungua haraka. Umeme ukawa wa volti 12. Na breki za diski mbele zilitangulia kabla sijagusa boliti moja ya injini. Nalisema hili kwa uzito: usiweke farasi 357 mbele ya breki za mwaka 1951.

Kabla ya kuwasha nilizungusha pampu ya oili kwa drili kupitia tundu la distribyuta mpaka nikaona oili inatoka kwenye kila roka, kikono kinachosukuma vali. Ilipowaka, presha ilipanda mara moja. Hakuna moshi, hakuna tapeti inayogonga, hakuna sili inayovuja. Taimingi, yaani wakati wa kuwaka cheche za plagi, nimeisimamisha kwenye digrii 32 kwa jumla, kwa kuwa hedi hizi hazitaki cheche itangulizwe sana. Oili ya kwanza niliimwaga mapema na kukata chujio kuangalia ndani: safi.

Barabarani inafurahisha kweli. Nguvu inakuja chini, hulazimiki kuikimbiza injini ili gari lipande mlima, na kwenye gia ya juu inanguruma taratibu huku ukiongea na abiria bila kupaza sauti. Inakunywa petroli, hilo lazima nilitaje, na kabureta itakusumbua kidogo kila majira yanapobadilika. Anayetaka kugeuza ufunguo tu na kuondoka achukue LS3 na agharamie waya.

Dhamana ni miezi 24 au maili 50,000, chochote kitakachotangulia. Weka risiti zote, za oili na chujio pia. Na kwa mliopo California: magari ya mwaka 1975 kurudi nyuma hayapimwi moshi, kwa hiyo pikapu ya umri huu haina tatizo, lakini kama gari lako ni la miaka ya karibuni, tafuta kwanza injini iliyoidhinishwa kule kabla ya kulipa hata senti.

Injini nyota tano. Muuzaji wa flekspleti sitarudi kwake.